Namba za Mzee Elia

Moshi, Jumapili jioni

Aika wangu,

Habari za Arusha? Watoto hawajambo? Sisi wazima, ila mama goti linamsumbua na baridi hii. Anakusalimu. Najua barua ya mwisho niliandika mimi, lakini chama chetu cha wakulima kinakutana Jumamosi na sina mwingine wa kumwuliza.

Yale ya mwaka jana nilikueleza: hela ilitosha kazi moja tu, kutengeneza mashine ya kumenya kahawa au kununua miche inayohimili ugonjwa wa chulebuni. Nikawabana wajumbe wataje namba, 1 hadi 10. Mashine 7, miche 8. Tukanunua miche. Vuli ikagoma, miche ikakauka, na mashine ikafa katikati ya msimu. Mama Happy alizungusha ile ya mkono hadi usiku wa manane.

Kinachoniuma ni Mzee Elia. Alisema, "Miche 8, mvua ikija. Isipokuja, hata 2." Mimi nikaandika 8, basi.

Sasa nimesoma hesabu za fazi, hesabu za mambo yasiyo na mpaka kamili, zile alizozianzisha Lotfi Zadeh kule Berkeley mwaka 1965. Kumbe neno la mzee lingeweza kuandikwa lote! Kila kazi unaipa namba tatu: ya chini, ya katikati, ya juu. Miche 2, 8, 9. Mashine 5, 7, 9, maana mvua inyeshe isinyeshe, kumenya kupo. Jumlisha, gawa kwa 3: mashine 7, miche 6.3. Mzee alikuwa ameshatuambia, Aika. Nimerudia hesabu hiyo mara nne. (Na Ebrahim Mamdani, aliyeongoza injini ya mvuke kwa kanuni hizi huko London miaka ya 1970, ni mzaliwa wa Tanganyika. Ulijua?)

Safari hii kuna mashine, vichanja vya kuanikia, na mfereji wa juu uliobomoka. Nataka watu waseme "sana", "kiasi", "hivi hivi", wanavyosema siku zote, halafu mimi ndiyo nizigeuze namba. Lakini "kiasi" ya Mama Happy ndiyo "kiasi" ya Mzee Elia? Nichore pembetatu moja, yaani zile namba tatu, kwa wote, au kila mtu na yake? Wa mfereji wa juu wapewe uzito zaidi kwenye suala la maji, au nitazua ugomvi? Na wewe unaweza kupanda basi la Jumamosi asubuhi? Nijibu kabla ya Ijumaa, hata kwa simu.

Wako,
Anande