Wenye maduka tuache kuzima friji usiku

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na wenye maduka ya vyakula, mabucha na hizi minisupamaketi zilizojaa mitaani hapa Dar, kuhusu friji za kioo za kuwekea bidhaa. Mimi ni fundi friji, nazunguka Mbagala, Temeke mpaka Kariakoo, na kuna jambo moja nakutana nalo kila mtaa na linaniuma kweli. Jioni duka likifungwa mwenye duka anazima friji. Maziwa yamo ndani, soseji zimo, nyama ya kusaga imo, vibua vimo, yeye anachomoa waya ukutani anaenda zake kulala, alfajiri anachomeka tena, mteja akija saa 2 asubuhi anashika pakiti anaona ina ubaridi kwa nje anaridhika analipa anaondoka.

Ukimuuliza kwanini anazima anakwambia fundi umeme unanimaliza, hii friji inakula yuniti kama nini. Na ni kweli inakula. Lakini mimi ndio nazifungua hizo friji kwa hiyo najua kwanini zinakula, nyingi ni kwa sababu zilifungwa vibaya toka siku ya kwanza na hazijawahi kusafishwa. Yaani mtu anazima friji usiku kukimbia gharama ambayo ingepungua sana kwa kuisogeza tu kutoka ukutani na kuipiga brashi.

Tuanze na huo usiku wenyewe. Usiku wa Dar sio baridi jamani. Mwezi wa 1 na wa 2 fremu ikishashushwa shata ya bati hewa haipiti kabisa, joto la humo ndani linaweza kupita nyuzi 30 mpaka kunakucha. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kinachoharibika haraka kikae chini ya nyuzi 5, na kwamba kati ya 5 na 60 ndipo vijidudu vinapozaliana, na chakula kilichopikwa kisiachwe nje zaidi ya saa 2. Sasa friji iliyozimwa saa 4 usiku ikawashwa saa 12 asubuhi hizo ni saa 8. Kuna bakteria wakipata joto wanalolipenda wanajigawa kila baada ya dakika 20 hivi, piga hesabu, akianza mmoja baada ya saa 7 wameshapita milioni 2. Sisemi kila friji inafika huko, maana nyama iliyopoa vizuri haipati joto mara moja, lakini hiyo inazimwa kila siku, na mzigo uleule unalala humo usiku wa pili na wa tatu mpaka uishe.

Halafu kuna watu wanasema si nitachemsha, nitakaanga, moto unaua kila kitu. Hapana. Bakteria wanakufa lakini wengine wanakuwa wameshaacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Chukua vibua au jodari, samaki hawa wakikaa kwenye joto wanatengeneza kitu kinaitwa histamini, na histamini haiondoki hata ukaange mpaka samaki awe mkavu. Mtu anakula, baada ya muda mfupi uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha na kutoka vipele, anasema ana aleji na samaki. Wengine hawana aleji yoyote, ni samaki alilala kwenye joto. Vibua wengi tunaokula hapa wametoka mbali wakiwa wamegandishwa nyuzi 18 chini ya sifuri, ubaridi umetunzwa kwenye meli, kwenye kontena na kwenye ghala, halafu unakuja kukatika kwenye fremu ya mtaani kwetu kwa sababu ya waya uliochomolewa.

Sasa tuje kwenye hela maana najua ndipo mwenye duka atanisikiliza. Chukua friji yenye kompresa, ile mota inayosukuma gesi, ya wati 300. Ikiwa safi na imefungwa pazuri kompresa inawaka, inafikisha ubaridi, inazima, inapumzika, tuseme kwa siku nzima inafanya kazi nusu ya muda, hiyo ni yuniti 3.6. Ikiwa chafu na imebanwa kwenye kona haizimi kabisa, inakimbia saa 24, hiyo ni yuniti 7.2. Tofauti ni yuniti 3.6 kila siku, na kwa LUKU ya biashara ndogo ambako yuniti inakaa kwenye shilingi 350 na ushee, ni kama shilingi 1,280 kwa siku, kwa mwezi inapita 38,000. Hapo ni friji moja tu, na feni na taa sijazihesabu. Kweli ukizima usiku kuna yuniti utaokoa sikatai, lakini asubuhi kompresa inakimbia bila kupumzika kuanza kupoza upya mzigo wote uliopata joto, sehemu ya kile ulichookoa inarudi palepale na chakula kimeshaguswa.

Kwenye kufunga friji tatizo kubwa la fremu zetu ni udogo. Mwenye duka anataka kila inchi iuze kwa hiyo friji inasukumwa mpaka igote ukuta, juu yake anapanga maboksi ya biskuti, pembeni kuna ndoo za mafuta. Friji haitengenezi baridi jamani, inachofanya ni kutoa joto ndani na kulitupa nje kupitia kondensa, yale mapezi ya nyuma au chini. Joto likikosa pa kwenda linazunguka linarudi palepale. Acha nafasi nyuma kama upana wa kiganja au zaidi, juu usiweke kitu, na kama kondensa iko chini usizibe ule wavu wa mbele na magunia ya mchele. Usiiweke jua la jioni linapopiga, usiiweke karibu na jiko la chipsi. Iwe imelala sawa kwenye sakafu, tumia pima maji, maana ikiinama mlango haufungi vizuri na maji ya barafu iliyoyeyuka hayaendi kwenye bomba lake yanatuama ndani yananuka. Iwe na soketi yake peke yake na waya wa ethi uwe umeunganishwa kweli, sio waya umekatwa na kukunjwa nyuma ya soketi, watu wanapigwa shoti kila wakishika mlango wanaona kawaida. Na hizi ekstensheni za kuunga friji mbili na blenda ya juisi pamoja ziishe.

Zile friji za wazi zisizo na mlango ambazo supamaketi wanazipenda zina utaalamu wake. Hapo mbele kuna pazia la hewa baridi linaloshuka toka juu kwenda kwenye tundu za chini, hilo ndilo linazuia joto la nje lisiingie. Ukiweka feni ya dari karibu, au ukiipanga mkabala na mlango wa barabarani, au ukijaza mzigo kupita ule mstari wa mwisho uliochorwa ndani, pazia linakatika. Na kitu ambacho wengi hawaambiwi wakati wa kununua ni kwamba friji nyingi za namna hii, hasa mitumba ya kutoka Ulaya, zilipimwa kwa duka lenye nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60. Dar mchana ni nyuzi 31, 32, unyevu uko juu zaidi ya hapo, na duka halina AC. Haiwezi, hata iwe mpya kwenye boksi. Kabla hujatoa hela soma kile kibandiko, tafuta imeandikwa daraja gani la hali ya hewa, na kwa mazingira yetu mimi namshauri mteja achukue yenye milango ya kioo. Kama tayari unayo ya wazi basi funga lile pazia la kushusha usiku, linasaidia sana na hautakuwa na sababu ya kuizima.

Usafi wa kondensa ni brashi laini na blowa tu, kwenye barabara ya vumbi fanya kila mwezi, kwenye duka la vigae miezi miwili mitatu. Mpira wa mlango uoshe na maji ya uvuguvugu na sabuni, halafu funga mlango ukiwa umebana karatasi, uivute, ikitoka kirahisi mpira umekwisha. Ndani nako kusafishwe na wala tusidanganyane kwamba ubaridi unaua vijidudu, unavipunguza kasi tu, na yupo mmoja anaitwa listeria ambaye anaendelea kukua hata friji ikiwa nyuzi 4. Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018 huyo huyo aliingia kwenye poloni, yaani soseji nene, za kiwandani na zaidi ya watu 200 walifariki.

Kuhusu gesi hapa nawasema mafundi wenzangu. Gesi ya friji haiishi kama ya kupikia! Inazunguka humohumo miaka yote, ikipungua maana yake inavuja, na fundi anayekuja kila baada ya miezi michache kujaza tu bila kutafuta inapovujia anakula hela ya mteja na anamwaga hewani gesi ambayo nyingine kama R404A kilo moja inapasha dunia joto zaidi ya mara 3,900 ya kilo moja ya hewa ya ukaa. Paka povu la sabuni kwenye maungio, tafuta, chomelea, badilisha draya, yaani kichujio cha unyevu, vuta vakyumu, yaani toa hewa yote, kwa pampu yenyewe na sio kwa kompresa kuukuu, maana unyevu ukibaki kwenye mfumo unaganda kwenye kapilari, kile kibomba chembamba cha gesi, na kula mafuta ya kompresa. Na soma kibao kabla hujajaza. Friji mpya nyingi sasa zinatumia R290 ambayo ni propani, inawaka moto, inajazwa kwa gramu chache kwenye mizani, sio kwa kukisia kwa geji, na huwezi kuja na mtungi wa gesi nyingine kama R134a ukachanganya. Mwenye duka nawe una haki ya kumuuliza fundi wako unajaza gesi gani na ilikuwa inavujia wapi, akishindwa kujibu muache aende. VETA, vyuo vya ufundi, wanafundisha hii kazi, vijana waliosoma wapo.

Watu watasema na umeme wenyewe unakatika. Kweli, mgao wa mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 uliharibu mizigo ya watu wengi. Lakini umeme ukikatika friji yenye mzigo baridi na mlango uliofungwa inashikilia ubaridi masaa kadhaa, kwa hiyo funga mlango usiufungue ovyo. Na nunua frijigadi, kile kifaa kinachokata umeme ukiwa mdogo au mkubwa mno na kinasubiri dakika chache kabla ya kuwasha tena, bila hicho umeme unaorudi kwa kishindo unaua kompresa.

Jingine ni hizi friji za soda. Imetengenezwa ipoze vinywaji, inafunguliwa kila dakika na watoto wa shule, halafu chini kabisa unakuta kuku na maini kwenye mfuko wa nailoni. Hapana jamani. Na nyama ikiwa nyekundu inang'aa sio lazima iwe imekaa kwenye ubaridi, wenzetu Kenya mwaka 2019 walishtuka kusikia kuna supamaketi zinapaka nyama kemikali ibaki nyekundu. Mnunuzi angalia vitu vingine. Askrimu iliyopoteza umbo au ina chembechembe za barafu iliyeyuka ikaganda tena. Pakiti ya kuku yenye barafu nyekundu chini, hivyohivyo. Soseji zinazoteleza, acha.

Ombi langu kwa TBS, Shirika la Viwango, ambao toka 2019 ndio wenye dhamana ya usalama wa chakula, na kwa halmashauri zetu. Afisa afya akija dukani anaangalia leseni, anaangalia kama muuzaji amepima afya na amevaa koti jeupe, sawa, ni vizuri. Naomba aje na kipima joto pia. Na kila friji ya chakula iwe na kipima joto ndani mahali mteja anakiona kupitia kioo, sio kile cha mlangoni ambacho wengine kimekufa siku nyingi, ni kifaa cha hela ndogo tu. Na asije saa 5 asubuhi wakati friji zimeshapata muda wa kupoa. Aje saa 12 na nusu, wakati shata inapandishwa, achomeke hicho kipima joto katikati ya pakiti za nyama kabla mwenye duka hajagusa soketi.

Fundi friji,
Mbagala, Dar es Salaam