Ahadi ya kocha si deni

Minnesota, Jumapili, 17 Agosti 2025

Mwanangu Salim,

Assalaam alaikum. Barua hii naitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako la hoki, pale unapoweka utepe wa stiki, maana kwenye simu unanijibu "sawa mama" kabla sijamaliza. Isome mara mbili. Mara ya pili uisome ukiwa umeketi na mshauri wa masomo wa shule yako mpya huko Iowa.

Tangu ukiwa mdogo umesikia humu ndani kwamba ahadi ni deni. Ndilo linalonikosesha usingizi sasa, kwa sababu kocha wa chuo alipokupigia Ijumaa ile ya tarehe 1 na kukuambia ana nafasi yako kwenye timu mwaka 2027, ulilipokea neno lake kama deni ambalo hana budi kulilipa. Si deni, baba. Kwa kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, ahadi ya mdomo haimfungi yeye wala haikufungi wewe.

Tazama tarehe zenyewe. Makocha wa hoki ya barafuni ya wanaume wanaruhusiwa kuwasiliana na mchezaji kuanzia tarehe 1 Januari akiwa darasa la 10. Kumtajia nafasi au ufadhili, na kumwalika ziara rasmi, ni kuanzia tarehe 1 Agosti kabla ya darasa la 11. Ndiyo maana simu zote zilikuja siku moja. Lakini ofa ya maandishi hairuhusiwi mpaka tarehe 1 Agosti kabla ya darasa la 12, mwaka wa mwisho wa sekondari, na kutia sahihi ni Novemba. Kwa hiyo kuanzia leo mpaka Novemba 2026 huna chochote kilichotiwa sahihi, na si kwamba kocha ni mwongo, ni kanuni yenyewe inayomkataza kuandika kabla ya Agosti 2026. Miezi 15. Katika miezi 15 kocha anaweza kufukuzwa au kupata kazi kwingine, na anayekuja ana orodha yake mwenyewe.

Tena mwaka huu mambo mawili yamekuja kwa pamoja. La kwanza, mahakama iliidhinisha mwezi wa Juni makubaliano ya kesi ya House, ile ya wachezaji walioishitaki NCAA wakidai malipo. Zamani timu ya hoki ilikuwa na ufadhili kamili 18 wa kugawanya kwa wachezaji wote. Kwa vyuo vilivyojiunga na mpango mpya, hesabu hiyo imeondoka na mahali pake pana kikomo cha wachezaji 26. Watu wanafurahi kwamba sasa wote 26 wanaweza kulipiwa kila kitu. Ni kweli wanaweza, chuo kikipenda kutoa hizo fedha. Lakini wa 27 hana kiti kabisa, hata akijilipia mwenyewe. Zamani kocha aliweza kuwaahidi watoto wengi kisha akawabana wote mle mle.

La pili, tangu tarehe 1 mwezi huu wachezaji wa ligi tatu za CHL, ligi kubwa za vijana za Kanada, wanaruhusiwa kuingia Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo. Wengi wao wana miaka 19 na 20, vifua vimeshajaa, wameshacheza mechi 60 na zaidi kwa msimu. Kocha anayetaka kushinda mwaka huu atamchukua yule kabla yako. Ongeza na wanaohama kutoka chuo kimoja kwenda kingine kila majira ya kuchipua. Hao wote wanagombea viti 26.

Na sikiliza inavyotokea, kwa sababu mara nyingi hakuna atakayekuambia "hatukutaki". Atakuambia, "Cheza junior mwaka mmoja zaidi, ukomae," yaani ubaki kwenye ligi za vijana kabla ya chuo. Nafasi ya 2027 inakuwa ya 2028. Mwaka unaofuata anakuambia tena. Ukisikia maneno hayo mara ya kwanza, muulize siku hiyo hiyo: kiti changu amepewa nani, na mwaka mpya unaonitajia utaniandikia lini? Uniambie na mimi siku hiyo hiyo, si baada ya wiki tatu.

Kwa hiyo makocha wengine wanaokupigia usiwafungie mlango. Wajibu kwa adabu, waambie ukweli kwamba una neno la chuo fulani, na waendelee kukutazama. Si usaliti. Nakujua, utaona haya. Nimekuona unavyoacha meseji za watu bila jibu kwa kuwa hutaki kuwaumiza, na hilo ndilo linawaumiza zaidi.

Ukienda ziara rasmi, chuo kinaweza kulipa safari, malazi na chakula chako, na wazazi wawili pia wanaweza kulipiwa. Chuo kimoja ni ziara moja, usiimalize kwa kutazama chumba cha kubadilishia nguo. Kabla yake lazima uwe umejiandikisha kwenye Kituo cha Ustahiki cha NCAA, kinachokagua kama mchezaji anastahili kucheza, na chuo kiwe na matokeo yako. Ukifika, uliza: ufadhili ni asilimia ngapi ya gharama zote, ni wa mwaka mmoja au minne, na ukiumia goti inakuwaje? Divisheni ya Kwanza sasa inatakiwa kulipia matibabu ya jeraha la mchezo mpaka angalau miaka miwili baada ya kuondoka. Asilimia uipige hesabu hapo hapo. Chuo cha dola 60,000 kwa mwaka kikikupa asilimia 40, zinabaki 36,000, na kwa miaka minne ni 144,000. Baba yako na mimi hatuna hizo, na hatutaweka nyumba rehani. Vyuo vya Ivy League, vile maarufu vya mashariki, na vya Divisheni ya Tatu, ngazi ya chini, havitoi senti kwa ajili ya mchezo, ila vinatoa msaada kwa kutazama kipato cha wazazi, na kwa familia kama yetu huo wakati mwingine unazidi hiyo asilimia 40. Usiringe ukisikia Divisheni ya Tatu.

Sasa masomo, na hapa ndipo nitakuwa mkali. Darasa la 10 ulifanya uvivu. Uliacha sayansi katikati kwa sababu ya mashindano, nami nilikuandikia ruhusa. NCAA inataka masomo ya msingi 16: Kiingereza miaka 4, hesabu 3 kuanzia aljebra ya kwanza, sayansi 2, moja zaidi katika hayo matatu, sayansi ya jamii 2, na manne mengine kama lugha. Kumi kati ya hayo lazima yawe yamekamilika kabla ya muhula wa saba, yaani kabla hujaingia darasa la 12, na saba katika hizo kumi ziwe Kiingereza, hesabu au sayansi. Alama za hizo kumi zinafungwa. Ukipata D leo huwezi kulirudia mwakani ili kuipandisha. Wastani usipungue 2.3 kati ya 4, na wanahesabu masomo ya msingi peke yake. Ile A ya mazoezi ya viungo haimo.

Nimekaa na karatasi zako jana usiku. Una Kiingereza 2, aljebra 1, sayansi 1, jamii 2, Kihispania 1. Hayo ni 7, na ya kundi la Kiingereza, hesabu na sayansi ni 4 tu. Mwaka huu lazima upite Kiingereza, jiometri na sayansi, yote matatu, hakuna hata moja la akiba. Ukiangusha moja, kocha anaweza kukutaka kwa moyo wote na usiruhusiwe kuvaa jezi mwaka wa kwanza.

Ile jiometri ya intaneti ya kiangazi usiihesabu. Wanakubali somo la mtandaoni ikiwa kuna mwalimu anayefundisha, anayesahihisha na kuzungumza na mwanafunzi kwa muda wote, tena lazima liwe kwenye orodha ya shule iliyoidhinishwa. Lile lilikwisha kwa siku 11 na mashine ndiyo iliyosahihisha. Lilikuwa bei rahisi, na si wewe uliyelichagua. Basi utalisoma upya darasani.

Kila shule ya sekondari ina nambari yake na orodha yake ya masomo yaliyokubaliwa kwenye tovuti ya Kituo cha Ustahiki. Jina la somo kwenye matokeo yako lifanane na jina lililoko kwenye orodha. "Hesabu za biashara" haimo, hata mwalimu akikuambia ni aljebra tupu. Shule ya hapa na ya Iowa zote mbili lazima zitume matokeo zenyewe moja kwa moja. Nikiyatuma mimi hayapokelewi. Ada ya kujiandikisha tutaomba msamaha kwa sababu unapata chakula cha bure shuleni. Mshauri wa shule ndiye anayethibitisha.

Timu yako ya junior haikutozi ada, na familia mwenyeji inakupa chumba na chakula. Hayo hayana neno. Lakini timu ya Kanada ikikupigia, na itakupigia, usifuate maneno ya wazee wa uwanjani wanaosema ukipita saa 48 kambini kwao umekwisha. Hiyo ni sheria ya zamani. Sasa kinachotazamwa ni fedha: usipokee zaidi ya gharama halisi za lazima, na usitie sahihi mkataba wa kulipwa. Weka risiti kwenye bahasha niliyokuwekea. Na yule bwana anayejiita mshauri wa familia, ushauri wake tunaulipia kwa bei ya kawaida, basi. Hana ruhusa ya kukunadi kwa klabu za kulipwa, hata kwa mdomo tu. Akikuletea skeiti za bure, zirudi. Mchezaji wa ridhaa, asiyelipwa, ni wa ridhaa.

Na karatasi yoyote, ya timu, ya chuo au ya wakala, usitie sahihi peke yako. Piga picha kila ukurasa, hata wa nyuma, unitumie. Ile fomu ya klabu ya mwaka juzi ilikuwa na ukurasa wa pili kuhusu ada ya kuondoka, na sahihi iliyoko chini yake si yako. Kwa hiyo nasema ninalolijua.

Huko Mombasa wanauliza chuo gani umepata. Niliwahi sana kuwaambia. Sasa nawaambia bado anasoma, na shangazi yako amenuna. Mwache anune. Wewe uliamka saa kumi alfajiri miaka sita bila kuitwa mara ya pili, na hilo siyo neno la kocha, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Familia mwenyeji nimewaandikia kuhusu nyama ya nguruwe na kwamba Ramadhani itaanza katikati ya Februari, msimu ukiwa umepamba moto. Mweleze daktari wa timu mapema, si siku ya kwanza ya mfungo. Glovu zitoe kwenye begi kila usiku uzianike, na makali ya skeiti uyafute mpaka kwenye misumari, yakilala na maji yanashika kutu. Kile kijiko cha mbao ni cha kupikia wali, usiwapikie supu ya kopo nacho. Iliki iko kwenye chupa ya vitamini.

FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa fedha za chuo, kwa ajili yako itafunguliwa Oktoba 2026, na baba yako ameshaanza kupanga karatasi za kodi kwenye kabati la jikoni, juu ya sufuria zangu.

Jumatano usiku nitumie picha ya ratiba yako ya masomo. Nataka kuona neno jiometri.

Mama yako