Mama mkwe anasema namzoesha mtoto dawa ya choo

Shangazi, shikamoo. Ni saa tisa usiku na usingizi umegoma. Sisi tuko Moshi mjini, mtoto wetu anayefunga choo yuko Marangu kwa bibi yake, mama mkwe wangu, na kinachoniuma si ugonjwa. Kinachoniuma ni lile neno alilonisema mbele ya wanajumuiya, kwamba namharisha mjukuu wake kwa kuwa mimi ni mvivu wa kupika.

Mimi nauza kwenye duka la dawa, Shangazi. Ile chupa sikuiokota njiani. Laktulosi iliandikwa na daktari wa watoto: mtoto ana miaka 4, mililita 5 asubuhi na 5 jioni, na kwa umri wake daktari akiona haja anaweza kupandisha hadi 10 kwa mara moja. Napima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maana vijiko vya chai havilingani. Dawa yenyewe ni sukari ambayo mwili hauinyonyi. Inateremka hadi utumbo mpana, inashika maji humo, choo kinalainika. Inaweza kuchukua hata siku 2 kabla hujaona kitu, siku za mwanzo tumbo linajaa gesi, na mtoto asipokunywa maji usitegemee makubwa. Yote haya nilimwandikia mama kwenye karatasi. Karatasi akaiwekea chupa ya chai juu yake.

Anasema dawa ya muda mrefu inazoeleka. Haizoeleki! Kinachorudisha shida ni kuacha mapema. Utumbo uliotanuliwa na choo cha siku nyingi hulegea, mtoto hasikii tena haja, na kurudi kawaida huchukua muda. Ndiyo maana dawa inaendelea wiki kadhaa hata baada ya choo kuwa kizuri, kisha inapunguzwa kidogo kidogo, pengine kwa miezi. Huo nao ni uvivu wa kupika?

Kilichomwudhi hasa ni chupi. Aliziona zimechafuka majimaji, akasema mtoto anahara, dawa ikasimamishwa siku hiyo hiyo. Kumbe choo cha zamani kimekwama. Ukibonyeza tumbo chini upande wa kushoto unakigusa, kigumu kama mbegu ya parachichi, na kile chepesi kinapita pembeni bila mtoto kujua. Hapo husimamishi dawa. Unamrudisha kwa daktari azibuliwe kwanza, mara nyingi kwa makrogoli, unga wa kulainisha choo, pakiti za watoto zinazoongezwa siku hadi siku kwa ratiba aliyoandika yeye, halafu ndipo inafuata dozi ya kuendelea. Nilieleza haya kwenye simu. Nikajibiwa nimejaa maneno ya dukani.

Sasa wifi ananiambia mtoto amewekewa kipande cha sabuni njia ya haja kubwa. Sabuni inaunguza ile ngozi laini ya ndani, na mtoto aliyeumia mara moja anabana zaidi, choo kinazidi kukauka. Wifi naye, kwa huruma zake, anataka kusaga kidonge cha bisakodili, dawa ya kusukuma choo, kwenye maziwa. Kile kidonge kimepakwa ganda ili kipite tumboni kizima kikayeyukie kwenye utumbo. Ukikisaga, au ukikinywesha na maziwa, kinafunguka kabla ya wakati, na mtoto anasokotwa na tumbo na kutapika. Nimemwomba mume wangu awaambie: akitapika kijani, au tumbo likivimba na kukaza, wasingoje kuche, wateremke naye hospitali.

Sitaki mume wangu agombane na mama yake, nimemwambia hivyo. Lakini siku ile ya jumuiya kwa nini alikaa pale anamenya chungwa tu? Neno moja lingetosha. Hata sasa ningependa aseme, ila asiseme kwa ukali.

Mama atashuka na mtoto Jumamosi, akae kwetu hadi shule ifungue. Makrogoli unaikoroga na maji, pakiti ya watoto kwa robo glasi hivi, ikishayeyuka unaweza kuichanganya na juisi ya pasheni na mtoto asijue. Je, nikimpa hivyo mama asione, nitakuwa nimemdharau? Au nimpe mbele yake na yatakayosemwa yasemwe? Kumkalisha mtoto kwenye poti baada ya chai ya asubuhi na chakula cha jioni, dakika 5 hadi 10, miguu juu ya kigoda, hilo sidhani kama atalipinga. Kule kwake choo ni cha shimo na mtoto anaogopa kuanguka, kwa hiyo anabana. Maziwa ndiyo sijui nitayasemaje: kikombe juu ya kikombe kwa sababu ng'ombe ni wake, mtoto anashiba maziwa na mtori, maji hagusi. Mimi nilimwekea mwisho nusu lita kwa siku. Na hilo pia lilifika jumuiya, Shangazi, kwamba namnyima mtoto maziwa.

Nijibu kabla ya Jumamosi. Na tafadhali usiniandikie habari za papai. Papai anakula.

Mkwe wa Marangu