Wafuasi Elfu Kumi, Wachangiaji Wangapi?

Mashirika yasiyo ya kiserikali tunayoyashauri kuhusu mitandao ya kijamii hutuuliza mara kwa mara: "Tufungue na TikTok?" Nasi huuliza kwanza: akaunti mlizonazo zimewaletea nini?

Jibu huwa ni idadi ya wafuasi. Lakini mfuasi bado hajachangia wala hajajitolea. Tena haoni kila mnachoweka. Mwaka 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza habari za ndugu na marafiki mbele ya zile za kurasa, kwa hiyo kuwa na wafuasi wengi si sawa na kusikika.

Anzeni na kazi mnayotaka mtandao uwafanyie. Shirika linalotafuta wachangiaji na lile linalowaelimisha vijana kuhusu afya ya uzazi hayapimwi kwa mizani moja. Kwa hilo la pili, ujumbe unaopita kimyakimya kwenye vikundi vya WhatsApp unaweza kufaa kuliko picha ya Instagram yenye laiki elfu moja.

Kama mnatafuta michango, kila mtandao upeni kiungo chake. Mwisho wa anwani ya ukurasa wa kuchangia ongezeni ?utm_source=facebook, kwingine ?utm_source=instagram, na programu ya takwimu ya tovuti itawaonyesha wageni wametokea wapi. Kwenye fomu wekeni pia swali moja: "Ulitusikia wapi?" Msiliache, maana viungo hunakiliwa na kupita mikono mingi.

Halafu gharama, na hapa ndipo tunapobishana zaidi na wateja wetu. Mitandao si bure. Mfanyakazi akitumia saa sita kwa wiki, katika wiki 13, yaani robo mwaka, ni saa 78. Zidisheni kwa malipo yake ya saa, jumlisheni matangazo ya kulipia, kisha gawanyeni kwa wachangiaji wapya waliotoka mtandao huo. Fanyeni hivyo kwa kila mtandao. Namba hiyo ndiyo ya kupeleka kwenye bodi, hata kama inauma.

Wapo wanaotutajia changamoto ya ndoo ya barafu ya mwaka 2014, ya watu kujimwagia maji ya barafu kwenye video na kuwataka wenzao wafanye hivyo au wachangie, iliyoiletea ALS Association ya Marekani, shirika linalopambana na ugonjwa wa neva wa ALS, zaidi ya dola milioni 100. Ni kweli, ila haikubuniwa na shirika hilo. Ilianzia kwa watu wenyewe. Huwezi kuiweka kwenye bajeti.

Hesabuni pia watu waliowapa namba za simu au barua pepe kwa hiari. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilipofungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019, wafuasi wa huko walipotea nayo. Orodha yenu ya mawasiliano inabaki mikononi mwenu.

Tunapoanza kazi na shirika, wiki ya kwanza hatugusi akaunti yoyote. Tunakaa na yule anayejibu ujumbe wa faragha, kwa sababu yeye ndiye anayejua ni nani aliuliza namna ya kusaidia na hakujibiwa.