Usiwaambie huogopi

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma mara mbili, na mara ya pili ndipo nilipoliona lile neno: "Nitawaambia mimi siogopi kitu." Nikatafuta kalamu. Usaili wako wa zimamoto ni Jumatatu, na kwenye simu vidole vyangu vinanichelewesha mpaka hasira inapoa.

Usiwaambie huogopi. Hao watakaokaa upande wa pili wa meza wameshatambaa ndani ya moshi ambao mtu haoni hata kiganja chake. Wanaogopa, na bado wanaingia. Ukiwaambia huogopi watakuona mwongo, au watakuamini, na hilo la pili ni baya zaidi, kwa sababu nani atataka kuingia ndani na mtu wa namna hiyo?

Waambie unaogopa nini na mikono yako inafanya nini wakati huo. Habari ya mafuta yaliyoshika moto jikoni unayo, sikusimulii. Mfuniko ulikuwa mkononi mwako. Jagi la maji lilikuwa mkononi mwa nani, hilo unaweza kuliruka. Au liseme, kama litakupa kazi. Wakikuuliza kwa nini si maji, usijibu "ni hatari" ukanyamaza. Eleza kwamba mafuta yakifika kuwaka yamepita nyuzi 300, maji yanazama chini yake, yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke huo unataka nafasi kama mara 1,700 ya ile ya maji, kwa hiyo mafuta yanarushwa juu yakiwa yanawaka. Mfuniko unanyima moto hewa, kuzima jiko kunaondoa joto. Haya nimeyasoma juzi tu, usiku, na usingizi sikuupata tena.

Mbio na kupanda ngazi na mzigo begani sina wasiwasi navyo. Nimekuona alfajiri, ingawa ulidhani nimelala. Ninachohofia ni mdomo. Unajibu kabla swali halijaisha. Watakuuliza kuhusu amri usiyokubaliana nayo, na wewe na amri mnajuana. Kwenye moto amri unaifuata, hatari uliyoiona unaitamka palepale, na ubishi unausubirisha hadi mrudi kituoni. Huingii peke yako, humwachi mwenzako ndani. Kengele ya mtungi wa hewa ikilia unageuka, mnatoka pamoja, hata kama umebakiza mlango mmoja. Asiyeogopa ndiye anayesema "mlango mmoja tu." Unaona kwa nini nalirudia?

Halafu usizungumzie moto tu. Siku nyingi wanaitwa kwenye ajali za magari, wagonjwa, kengele zilizolia bure. Na kituoni kuna kudeki, kuosha gari, kuanika mipira ya maji. Usiwaambie unapenda usafi. Nguo zako chumbani nimeziacha kama ulivyoziacha.

Mwisho watakuuliza kama una swali. Uliza nguo za moto zinafuliwa wapi na nani, na barakoa mnavaa mpaka saa ngapi wakati wa kufukua majivu. Wasidhani unadeka. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Masizi hayaishii kwenye koti. Nataka kujua watakujibu nini, na unipigie jioni hiyohiyo, si baada ya wiki kama ulivyofanya na matokeo ya mtihani.

Hilo "siogopi" najua umelitoa wapi. Nilikuwa nasubiri uliseme mlangoni ndipo niende zamu ya usiku. Ulilisema vizuri sana, na mimi kila mara nilikuwa nimechelewa.

Mdogo wako amehamia kitanda chako, anasema ni kwa muda. Tanki linavuja tena palepale ulipoziba, kwa hiyo ile gundi haikuwa ya maji, ulidanganywa dukani. Kitasa cha mlango wa nyuma kinakwama, lazima uusukume mlango kwa bega ndipo ufunguo uzunguke. Nilikuwa nimeweka magunia hapo. Nimeyaondoa jana baada ya kusoma kuhusu njia za kutokea, sasa yako chumbani kwako, juu ya hizo nguo.

Shati la bluu nimelipeleka kupigwa pasi kwa jirani. Ya kwetu waya umechubuka karibu na mpini, inatoa cheche. Sijaichomeka tangu Jumapili. Ukija, njoo na bisibisi ile ndogo, uliondoka nayo.

Mama yako