Kupiga Kambi Ziwa Ellis: Upangeni Usiku Kwanza

Wateja wengi wanaotupigia simu kuhusu kupiga kambi kando ya Ziwa Ellis, katika Mlima Kenya, huanza kwa kuuliza juu ya barabara. Wana haki ya kuuliza, kwa kuwa njia ya kutoka mjini Chogoria hadi lango la hifadhi hupita kwenye msitu wa mianzi wenye utelezi, ambao mvua ikinyesha gari dogo haliuwezi. Barabara, hata hivyo, tunaimudu. Kinachowaharibia watu safari ni usiku.

Ziwa hilo liko zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na ingawa Ikweta haiko mbali, kuna asubuhi ambazo tunakuta umande umeganda juu ya hema. Baridi inayotesa zaidi hutoka ardhini: hata ukijifunika blanketi tatu, utatetemeka ikiwa mgongo umelalia turubai tupu. Ndiyo maana kila hema tunalokodisha huenda na godoro nene la sponji kwa kila mtu, na hatumruhusu mteja kuliacha ofisini ili apunguze mzigo.

Chakula nacho kina mambo yake. Kwenye mwinuko huo maji huchemka yakiwa na nyuzi takriban 88 badala ya 100, kwa hiyo sufuria hutokota vizuri tu huku vilivyomo vikikataa kuiva. Familia moja tuliyoisindikiza ilibandika maharagwe makavu saa kumi alasiri. Kufikia saa tatu usiku watoto walikuwa wamekula mkate na kulala, na punje bado hazibonyei kwa kidole. Tangu hapo tunawaomba wateja wachemshe githeri (mahindi na maharagwe) nyumbani, ili kule juu ibaki kuungwa na kupashwa moto. Mitungi midogo ya gesi yenye butani pekee huzimikazimika baridi ikikaribia nyuzi sifuri, kwa hiyo sisi hubeba iliyochanganywa na propani. Moto wa kuni hatuwashi kamwe, kwa sababu tunakumbuka jinsi moto wa Machi 2012 ulivyoteketeza vichaka vya mlima huu.

Tunawasihi pia msipande moja kwa moja kutoka Nairobi, sembuse Mombasa, hadi ziwani. Usiku wa kwanza tunalala karibu na lango, kwenye mita 2,950 hivi, ili mwili uzoee hewa nyepesi. Mtu akiumwa kichwa vikali na kuanza kutapika, hatungoji kupambazuke. Tunamteremsha saa hiyo hiyo, na kwa ajili hiyo dereva hukesha nasi kambini.

Miezi tunayoipendekeza ni Januari na Februari. Ada za hifadhi hulipwa kupitia eCitizen, mfumo wa mtandaoni wa serikali ya Kenya, kabla ya kuondoka. Mnapoagiza, tuandikieni umri wa kila msafiri na kama kuna mwenye pumu, maradhi ya moyo au ujauzito, kwa kuwa majibu hayo ndiyo yatakayotuonyesha kama tuwapeleke ziwani au tuwatafutie kambi ya chini zaidi.