Historia ya wilaya zetu haikuanzia kwa Cameron

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki jana kuhusu kugawanywa kwa wilaya na chimbuko la serikali za mitaa nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi kama nilivyozoea darasani. Mwandishi wenu kaanza na Mjerumani, maakida wake (wasimamizi wa kundi la vijiji) na majumbe wake (wakuu wa vijiji), kisha aya inayofuata tayari ni 1925 na Gavana Donald Cameron ameshashuka melini. Katikati hapo imemezwa miaka tisa. Ile minne ya mwanzo, 1916 hadi 1920, ndiyo iliyonikalisha mezani kuandika, maana mengi anayopewa Cameron, sifa na lawama, aliyakuta yameshapangwa na watu waliovaa sare za jeshi wakati mizinga bado inanguruma kusini.

Naandika kutoka Lushoto, kwa hiyo nina haki ya kununa. Mji huu Mjerumani aliuita Wilhelmstal. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliuingia Juni 1916. Julai wakaichukua Tanga, Septemba 4 Dar es Salaam ikasalimu amri, na Septemba 19 Wabelgiji wakaingia Tabora. Januari 1917 Horace Byatt, aliyekuwa akihudumu Malta, akaanza kazi ya kusimamia serikali ya kiraia katika nchi iliyotekwa. Makao yake hayakuwa Dar es Salaam. Yalikuwa hapa hapa milimani, penye baridi, na reli iko chini pale Mombo. Wanafunzi wangu walikuwa wakicheka nikiwaambia kwamba maagizo ya serikali yaliwahi kuteremka nchini kutoka Lushoto. Walidhani mwalimu anajipigia debe la kwao.

Nimesema nchi, lakini hapo ndipo makala ilipoteleza zaidi. “Waingereza waliposhika nchi,” ameandika. Nchi ipi? Byatt alipewa sehemu ya kaskazini mwa Reli ya Kati. Kusini ilibaki mikononi mwa jeshi hadi 1919. Kusini-magharibi, Iringa mpaka Songea, palikuwa na jeshi lingine la Waingereza, la Jenerali Northey, na mambo ya utawala yalisimamiwa na Hector Duff, ofisa mkubwa wa Nyasaland (Malawi ya leo), na maofisa wake hawakumjua Byatt zaidi ya jina. Kigoma na Ujiji, pamoja na Rwanda na Urundi, zilikuwa za Mbelgiji. Jenerali Malfeyt aliketi Kigoma kama kamishna wa mfalme wao, na Mwingereza hakukabidhiwa Kigoma hadi Machi 1921. Ile pembe ya Kionga, ng'ambo ya Ruvuma, Mreno alikwishaichukua Aprili 1916 na hakuirudisha. Mtu wa Ujiji na mtu wa Pangani walikuwa wametekwa na wafalme wawili tofauti, na sheria za kulipa kodi hazikufanana.

Sasa wilaya zenyewe. Sheria ya vita, ile iliyoandikwa The Hague mwaka 1907, inamchukulia mteka nchi kama mpangaji: akae, atunze amani, lakini asibomoe kuta za nyumba isiyo yake, sheria alizozikuta aziheshimu isipokuwa pale anaposhindwa kabisa. Byatt aliishika kanuni hiyo, na sidhani kama ilimsumbua, maana hata angetaka kubomoa hakuwa na mafundi. Mjerumani alikuwa ameacha wilaya 19 za kiraia, mbili za kijeshi, yaani Iringa na Mahenge, na maeneo matatu ya Bukoba, Rwanda na Urundi yaliyotawaliwa kupitia watawala wao wa jadi. Maofisa wa Kijerumani walikuwa ama wamefungiwa kambini ama wako porini na kamanda wao von Lettow-Vorbeck. Ofisa wa Kiingereza anafika bomani, huenda jana yake alikuwa luteni wa askari wa miguu, anafungua kabati: majalada ya Kijerumani asiyoweza kuyasoma, na barua za Kiswahili za maakida ambazo angalau karani anaweza kumsomea.

Basi akaanza na zile barua. Palepale, Mhariri, ndipo wilaya zetu zilipopita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mipaka ilibaki ya Mjerumani kwa sehemu kubwa, na boma likabaki boma. Akida aliyeonekana mtu wa Mjerumani mno aliondolewa, mwingine alikwishaondoka na bwana zake. Asiyekuwa na ubaya wa kusemwa alibaki kitini na kofia yake, akabadili tu bendera ya kuipigia saluti. Jumbe chini yake aliendelea kuhesabu vibanda. Byatt mwenyewe hakuufuta mfumo huu hata baada ya vita. Aliyekuja kuung'oa ni Cameron, kwa sheria yake ya 1926 ya serikali za wenyeji, na hapo ndipo huku Usambara Wakilindi, ukoo wa watawala wa jadi, waliporudishiwa mamlaka. Kwa hilo mwandishi wenu yuko sahihi na namwachia alama zake.

Kuna watu pia waliopata nafasi katika mparaganyiko ule. Martin Kayamba alikuwa Tanga vita vilipoanza. Wajerumani walimweka kizuizini wakimshuku ni mtu wa Waingereza, akatoka Tabora ilipotekwa, akarudi Tanga na kuingia ofisi ya serikali mpya. Mwaka 1922 yeye na wenzake wakaanzisha huko huko Tanga chama cha Waafrika watumishi wa serikali, ambacho wengi wetu tulikifundisha kama mzizi mmojawapo wa siasa zetu. Bila upungufu wa watu wa kushika kalamu katika yale maboma ya miaka ya vita, sijui tabaka lile la makarani lingechelewa kiasi gani.

Lakini kazi hasa ya upangaji ule ilikuwa nini? Mwandishi wenu anazungumza kana kwamba watawala walikaa wakatafakari utawala bora. Jeshi halikuhitaji utawala bora. Lilihitaji wapagazi na nafaka. Magari yalikwama matopeni, punda na ng'ombe wa kukokota waliuawa na ndorobo, ikabaki shingo ya binadamu. Ofisa aliagiza idadi kwa akida, akida akaigawa kwa majumbe, na jumbe akaingia kijijini usiku kabla vijana hawajakimbilia msituni. Mfumo wa akida ulidumu kwa sababu uliweza kufanya hivyo. Kariakoo ya Dar es Salaam, ambako sasa tunanunua vitenge na simu, jina lake limetoka kwenye kambi ya kikosi hicho cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps. Nairobi nao wana Kariokor yao.

Na Mjerumani asitolewe kwenye lawama. Kabla ya kuondoka kila mahali alikomba chakula na watu, kisha Mwingereza akafika na kukomba mabaki. Ugogo ilikombwa na wote wawili, mvua zikakata, ikaja ile njaa Wagogo waliyoiita Mtunya. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa, katika watu wapatao 150,000. Mkuu wa wilaya anayepimwa kwa idadi ya magunia aliyopeleka relini hataandika mapema kwamba ghala za watu ni tupu.

Bibi yangu aliacha bati la biskuti lenye noti za rupia za vita, karatasi duni, nyingine zimepigwa chapa kama tiketi ya basi. Baba yake alilipwa hizo na Wajerumani kwa mbuzi na mahindi. Alipozipeleka bomani kulipa kodi, ofisa mpya akamrudishia. Akida aliyekuwa amesimama pembeni, alisema bibi, ndiye yule yule aliyewalazimisha kuzipokea mwaka mmoja nyuma. Hakumwangalia usoni. Kodi ililipwa kwa mbuzi mwingine.

Hadithi hii haiko mbali kama tunavyodhani. Wasomaji wenu wa Goma, mashariki mwa Kongo, tangu waasi wa M23 walipouteka mji Januari 2025 na kuweka gavana wake, wanalijua swali la risiti: ukilipa kwa huyu leo, kesho yule akirudi ataitambua? Kwa raia, kubadilishwa kwa utawala wakati wa vita huanzia kwenye kijikaratasi hicho.

Nina ombi moja na sahihisho moja. Ombi: mkiendelea na mfululizo huu, tumeni mtu Nyaraka za Taifa akayasome majalada ya miaka hiyo, na aende pia kwa wazee wa Ugogo na Kilwa ambao wangali na simulizi walizopokea. Asijaze pengo kwa aya moja ya “kipindi cha mpito”. Mpito wa nani, wakati watu walikuwa wakizikwa kando ya njia?

Sahihisho ni la ramani. Mmechora Tanganyika nzima kwa rangi moja na kuandika chini yake 1917. Jina Tanganyika lenyewe lilikuja 1920, von Lettow alikuwa bado anapigana upande wa kusini hadi alipovuka Ruvuma Novemba 1917, na Kigoma ilipaswa kupakwa rangi ya Mbelgiji. Wanafunzi watainakili ramani hiyo kwenye madaftari yao. Tafadhali itoeni upya.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Lushoto